Injini ya cc 10 iliyovuka Atlantiki

Jioni ya Jumamosi, Agosti 9, 2003, mzee wa miaka 77 alisimama na wenzake kwenye rasi ya Cape Spear, Newfoundland, mashariki kabisa mwa Kanada. Walikuwa na ndege ya mfano ambayo, pamoja na mafuta yake, haikufika kilo tano. Waliirusha kwa mkono kuelekea baharini. Mzee huyo, Mmarekani Maynard Hill, alikuwa amepoteza uoni kiasi cha kuhesabiwa kisheria kuwa kipofu, na masikio yake nayo yalikuwa yamechoka. Ndege ilipopata kimo cha kutosha, kifaa cha kujiongoza kilishika usukani, nayo ikaelekea Ireland.

Ilipita usiku wa kwanza, mchana kutwa, kisha usiku wa pili. Jumatatu mchana, baada ya saa 38 na dakika 52 hewani, ilionekana juu ya ufuko wa Mannin karibu na mji wa Clifden. Mwenzake Hill, Dave Brown, aliichukua kwa rimoti yake na kuitua kwenye majani. Ilikuwa imekwenda kilomita 3,028, umbali unaozidi kidogo safari ya ndege ya abiria kutoka Nairobi hadi Johannesburg. Safari nzima ilikula chini ya lita nne za mafuta.

Waandishi wengi wa wakati huo walivutiwa na mitambo ya setilaiti iliyoiongoza ndege hiyo. Mitambo hiyo ilistahili sifa, lakini isingefika popote bila kilichokuwa mbele yake: injini ya silinda moja yenye ujazo wa cc 10, inayoenea kwenye kiganja cha mkono, iliyozunguka karibu saa 39 bila kuzimika. Injini za aina hii huuzwa kwa kusifiwa nguvu zake. Thamani yake kubwa zaidi ni ustahimilivu, yaani uwezo wa kufanya kazi ndefu kwa mafuta kidogo, na historia yake yote inathibitisha hilo.

Ya mfano iliruka kwanza

Watu husema kwamba ndege ya kwanza yenye injini ya petroli ni ile ya ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, ya Desemba 17, 1903. Hiyo ndiyo ya kwanza kubeba mtu na kuongozwa ipasavyo. Lakini miaka miwili kabla yake, Juni 1901, Samuel Langley, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya Smithsonian mjini Washington, alirusha ndege ya petroli isiyo na mtu. Ilikuwa robo ya ukubwa wa ile aliyokusudia kuijenga. Ndege yake kubwa ilitumbukia katika mto Potomac mara mbili mwaka 1903. Ile ndogo ilikuwa imeshathibitisha kwamba petroli inaweza kukiinua angani chombo kizito kuliko hewa.

Injini ya petroli iliingia mikononi mwa watu wa kawaida miaka ya 1930. Huko Philadelphia, kijana aitwaye Bill Brown alitengeneza injini iliyokuja kujulikana kama Brown Junior. Ujazo wake ulikuwa karibu cc 10, na nguvu zake ni moja ya tano ya nguvu ya farasi mmoja. Rafiki yake, Maxwell Bassett, aliifunga kwenye ndege ya mfano na kwenda nayo kwenye mashindano ya taifa ya mwaka 1933 katika uwanja wa Roosevelt Field, New York. Washindani wake walitumia ndege zilizozungushwa na mipira iliyosokotwa, ambayo ikimaliza kujisokotoa, pangaboi husimama. Bassett aliwaacha mbali, akazoa vikombe vikubwa vya mashindano hayo, na baada ya hapo ndege za injini zikatengewa kundi lao.

Brown Junior iliuzwa dola 21 na senti 50. Wakati ule wa mdororo wa uchumi hizo zilikuwa fedha nyingi, lakini vijana walizitafuta kwa udi na uvumba.

Tatizo lililobaki lilikuwa la uongozi. Ndege ilirushwa, ikapanda, ikapotelea mbali kwa kufuata upepo. Waliotoa jibu ni mapacha wawili wa Kalamazoo, Michigan: Walter na William Good. Mmoja alikuwa hodari wa kujenga ndege, mwingine hodari wa redio. Mwaka 1937 waliirusha ndege yao, Guff, yenye mabawa ya futi nane na injini ya petroli, wakaiongoza kwa mawimbi ya redio kutoka ardhini. Mwaka uliofuata walishinda mashindano ya taifa. Guff leo ni mali ya Smithsonian, ambayo ilikabidhiwa ndege hiyo mwaka 1960.

Vita Kuu ya Pili ilipofika, jeshi la Marekani lilihitaji shabaha zinazoruka ili kuwafundisha wapiga mizinga. Mtu aliyekuwa tayari na jibu alikuwa mwigizaji wa sinema. Reginald Denny, Mwingereza aliyehamia Hollywood, alikuwa na duka la ndege za mfano, na fundi wake wa injini, Walter Righter, alikuwa ameshabuni injini ndogo iliyouzwa dukani humo. Kampuni ya Denny, Radioplane, iliunda takriban ndege 15,000 za shabaha kabla vita havijaisha. Mpiga picha wa jeshi aliyetembelea kiwanda hicho alimkuta mfanyakazi mmoja aliyeitwa Norma Jeane, akampiga picha akiwa ameshika pangaboi. Miaka michache baadaye dunia ilimjua kwa jina la Marilyn Monroe.

Kushindwa na kurudi

Ukweli ni kwamba injini ya petroli ilikaribia kufutika katika ulimwengu wa ndege za mfano. Sababu ni uzito. Ili plagi itoe cheche, ndege ililazimika kubeba koili, kapasita na betri, mzigo ambao kwa ndege ya kilo moja au mbili ulikuwa adhabu. Mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden alileta sokoni plagi isiyohitaji cheche. Ndani yake kuna kiwaya chenye platinamu. Unakipasha moto kwa betri wakati wa kuwasha tu. Injini ikishashika, mvuke wa methanoli na joto la mwako hukifanya kiendelee kuwaka chenyewe. Koili ikatupwa, kapasita ikatupwa, betri ikabaki chini. Ndani ya miaka michache karibu kila mtu alikuwa amehamia kwenye methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na waliotaka kasi zaidi waliongeza naitromethani.

Methanoli ilikuwa na gharama zake. Nishati iliyomo katika kilo moja ya methanoli haifiki nusu ya ile iliyomo katika petroli, kwa hiyo injini huinywa kwa pupa. Haipatikani kwenye kila kituo cha mafuta. Na baada ya kila mruko, mabawa na mkia hutapakaa mafuta yanayonata, na mwenye ndege hubaki na kazi ya kufuta.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wapenzi wa ndege hizi walianza kujenga ndege kubwa zaidi, za mabawa ya mita mbili na kuzidi. Injini za methanoli za ukubwa huo zilikuwa ghali na ulaji wake haukuvumilika. Macho yao yakageukia misumeno ya mnyororo na mashine za kukatia nyasi. Injini kama Quadra, na baadaye Zenoah za Japani, zilitoka katika ukoo huo wa mashine za shambani na misituni. Zilikuwa nzito kidogo na zilitetemesha ndege nzima, lakini ziliwaka kwa petroli ya kawaida na hazikuchoka.

Kisha mfumo wa kielektroniki wa cheche ukawa mdogo na mwepesi, na ile hoja ya uzito iliyoiua injini ya petroli mwaka 1947 ikapoteza nguvu. Leo kuna watengenezaji wanaobuni injini hizi kwa ajili ya ndege tangu mwanzo: Desert Aircraft wa Tucson, Arizona, 3W wa Ujerumani, Saito na O.S. wa Japani, na DLE wa China, ambao bei zao ziliwafungulia mlango watu wengi. DLE ya cc 20 ina uzito wa gramu 650 hivi na hutoa nguvu za farasi 2.5 ikizunguka mara 9,000 kwa dakika. Pikipiki ya bodaboda ya cc 125 hutoa nguvu za farasi kama 10 au 11. Kwa kila cc moja, basi, injini hii ya gramu 650 inafanya kazi kubwa zaidi kuliko ya pikipiki.

Ndani ya mashine

Fundi yeyote anayetengeneza misumeno ya mnyororo Mafinga au Eldoret akiifungua injini hii hatapotea. Nyingi ni za mipigo miwili. Hazina oili ya kubadilisha, kwa sababu oili huchanganywa na petroli yenyewe, kama wafanyavyo wavuvi wa pwani wanaotumia mashine za boti za aina hiyo. Kiwango kinachoelekezwa mara nyingi ni kati ya 1 kwa 30 na 1 kwa 50. Kwa 1 kwa 30, lita moja ya petroli hupewa mililita 33 za oili. Mchanganyiko huingia kwanza chini ya pistoni, unalainisha beringi na shafti, halafu unasukumwa juu ya pistoni kwenda kuchomwa.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini ni kabureta. Ile ya pikipiki ina boya linalopima petroli, na ukiipindua, kipimo kinavurugika. Ndege ya mfano hupinduka makusudi: huruka tumbo juu, hupanda wima, hujizungusha kama pia. Kabureta yake, ambayo mara nyingi ni ya Walbro kama ya msumeno, haina boya. Ina viwambo viwili vyembamba. Pistoni ikishuka na kupanda, shinikizo lililo chini yake hubadilika, na mapigo hayo hukitikisa kiwambo cha kwanza ili kivute petroli kutoka kwenye tangi. Kiwambo cha pili kina hewa ya nje upande mmoja na petroli upande mwingine; petroli ikipungua, kiwambo hujivuta na kufungua kisindano ili nyingine iingie. Ndani ya tangi, mpira laini wenye kipande cha shaba nchani hufuata mafuta popote yanapoangukia. Hivyo injini hupata petroli yake hata ndege ikiwa imegeuka miguu juu.

Cheche nayo ina mpangilio wake. Kwenye kitovu cha pangaboi hufungwa sumaku ndogo. Kila inapopita mbele ya kihisi, kisanduku cha elektroniki hupata habari kwamba pistoni inakaribia juu, nacho hupiga cheche mapema kidogo, kama digrii 28 kabla ya kilele injini inapokwenda kasi. Waya unaopeleka umeme kwenye plagi hufunikwa kwa wavu wa chuma hadi mwisho. Sababu ni kwamba cheche hutoa mawimbi ya redio, na ndege hii inategemea redio ili isianguke. Wavu ukikatika au kifuniko cha plagi kikilegea, rubani aliye ardhini anaweza kupoteza ndege yake bila kuelewa kilichotokea.

Kuiwasha kunataka utaratibu. Mkia hufungwa kamba au mtu huushikilia. Choki hufungwa, mfumo wa cheche huwashwa, na pangaboi huzungushwa kwa nguvu, mkono ukiwa umevaa glavu nene au kwa kutumia kijiti. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Ghafla injini inakohoa mara moja na kunyamaza. Kikohozi hicho ndicho kinachosubiriwa, kwa sababu kinaonyesha kwamba petroli imefika. Choki hufunguliwa, pangaboi huzungushwa tena, na sasa injini inashika na kutulia katika mngurumo mzito.

Hapo huanza kazi ya sikio. Kabureta ina skrubu mbili, moja ya mwendo mdogo na nyingine ya mwendo mkubwa, na kila moja hugeuzwa kidogo kidogo. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi na kusitasita. Ikipungua, mlio hupanda na kuwa mkali. Anayefurahia mlio huo anaiua injini yake, maana oili nayo imepungua, joto linapanda, na pistoni inaweza kukwama. Fundi mzuri huacha petroli izidi kidogo.

Usalama hauna mjadala. Pangaboi la inchi 16 likizunguka mara elfu kadhaa kwa dakika halionekani, na linakata vidole bila kupunguza mwendo. Skrubu hugeuzwa mtu akiwa nyuma ya pangaboi. Mikono mipana ya shati, kamba ya rimoti inayoning'inia shingoni na watoto wenye shauku vyote hukaa mbali. Na kila ndege iwe na swichi inayozima cheche kutoka kwenye rimoti, ili jambo likiharibika injini inyamaze papo hapo.

Hesabu ya kilo moja

Siku hizi anayeanza kurusha ndege za mfano hununua ya umeme, na hana makosa. Haina moshi, haina kelele nyingi, inawaka kwa kubonyeza. Petroli bado ina nafasi yake kwa sababu ya hesabu moja rahisi. Kilo moja ya petroli ina nishati ya takriban uniti 12 za umeme, uniti zilezile zinazonunuliwa kwa LUKU au tokeni. Kilo moja ya betri za ndege za mfano haifikishi robo ya uniti. Injini ndogo ni mfujaji mkubwa, na sehemu kubwa ya nishati hiyo hupotelea kwenye joto na eksozi. Hata baada ya hasara hiyo, kilo ya petroli huizidi kilo ya betri mara kadhaa. Ndege nyingi za betri hutua baada ya dakika 10 au 15, ilhali ya petroli huongezwa mafuta kwa dakika chache na kurudi angani.

Maynard Hill aliijua hesabu hii kuliko wengi. Alikuwa mtaalamu wa metali katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na mwaka 1970 alipandisha ndege ya mfano hadi kimo cha zaidi ya mita 8,200, kikiwa kimo cha rekodi ya dunia. Kwa safari ya Atlantiki hakutafuta injini yenye nguvu nyingi. Alichukua O.S. ya mipigo minne, iliyotengenezwa kwa ajili ya methanoli, akaibadilisha iwake kwa cheche na kunywa mafuta safi ya majiko na taa za kambi, ambayo ni ndugu wa petroli yasiyo na viungo vya kuacha masizi. Karibu nusu ya uzito wa ndege ilipoondoka ilikuwa mafuta. Kwa saa moja ilikula chini ya mililita mia moja, huku ikienda wastani wa kilomita 78 kwa saa. Ndege hiyo iliitwa TAM-5. Ilikuwa ya tano, na zilizoitangulia hazikufika.

Miaka mitano kabla ya safari hiyo, Agosti 1998, ndege nyingine isiyo na rubani, Laima, ya aina ya Aerosonde, ilikuwa imevuka bahari hiyohiyo kutoka Newfoundland hadi kisiwa cha Benbecula, Scotland, kwa saa 26 na dakika 45. Hiyo ilikuwa kubwa zaidi, kilo 13, na haikuwa ya mashindano. Iliundwa kwa ajili ya kupima hali ya hewa. Lakini injini yake ilitoka dukani kwa wapenzi wa ndege za mfano: Enya ya Japani ya cc 20, iliyorekebishwa kutumia petroli. Septemba 2005 Aerosonde nyingine iliingia ndani ya kimbunga Ophelia na kutuma vipimo kutoka mahali ambapo hakuna rubani angependa kuwa.

Ustahimilivu huohuo umeivuta injini hii mahali pabaya pia. Wachunguzi wa silaha waliofungua ndege za upelelezi za Urusi aina ya Orlan-10 zilizoangushwa Ukraine walikuta mbele yake injini ya Saito ya cc 40, iliyouzwa kwa ajili ya ndege za mfano. Kinachoiwezesha ndege ya hali ya hewa kukaa juu ya bahari saa nyingi ndicho kinachomwezesha mpelelezi kukaa juu ya mitaro ya askari. Hilo ni jambo la kusikitisha, na wanaozipenda injini hizi wana wajibu wa kulisema waziwazi badala ya kulikwepa.

Afrika Mashariki ina kila sababu ya kuijua mashine hii. Mafundi wanaoelewa kabureta ya viwambo tayari wapo, kila mahali panapopasuliwa mbao. Vyuo vya VETA nchini Tanzania na vyuo vya ufundi vya Kenya vinafundisha injini, umeme na kazi za chuma, fani ambazo mara nyingi mwanafunzi huzisoma moja moja. Injini ya cc 20 iliyofungwa imara kwenye meza inazikutanisha zote: mwako, cheche, vipimo vya mafuta, mtetemo, redio na nidhamu ya usalama. Mwalimu anayetaka kuanza na aanzie hapo mezani, bila ndege, mpaka wanafunzi waweze kuiwasha, kuirekebisha na kuizima bila hofu. Siku watakapotaka kuirusha, hatua ya kwanza ni kuuliza masharti na kibali kwa mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, na ya pili ni kutafuta uwanja ulio mbali na makazi ya watu na njia za ndege za abiria.